Maharage ya Makauboi

...maharage ndiyo, makauboi wanakula maharage, hilo nalijua, mimi ni mpishi wa shughuli, sikuanza kupika jana, ila ananieleza polepole kama anamwelekeza mgeni njia, huyu mama wa binti yangu, aliyekuwa mke wangu, tumekaa jikoni kwake, kwao, yeye na mumewe mpya, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, kwangu hakuwahi kupanga hata vijiko, haya, chakula cha bethidei ya kikauboi, anasema mbavu za kuchoma, mahindi, viazi vya kukaanga, vinywaji je, nasema maziwa, anacheka, “Maziwa! Kwenye bethidei?” lakini si mimi niliyesema, ni bosi wangu mwenyewe, binti yangu, Jumapili alipokuja kwangu, Baba, kauboi ana ng’ombe wote wale halafu akanunue soda, ana akili kweli, nikacheka mpaka mwiko ukanidondoka, yaani miaka saba mtu anahoji kama hakimu... “Baba yake keshaagiza juisi,” anasema, baba yake, baba yake yupi, mimi si ndiye nimekaa hapa, au nimegeuka kigoda, lakini funika kombe mwanaharamu apite, nimekuja kwa jambo moja tu, siku hiyo niwepo, nimwone anakata keki na kofia imemfunika macho, hata nikiwa kule uani napigwa na moshi, mradi niwepo... moto nitawasha mapema, nasema, mbavu hazitaki haraka, ananitazama mikono, anazungusha kikombe, namjua, akizungusha kikombe kuna neno, ndivyo alivyozungusha siku ile aliponiambia anaondoka, “Usinielewe vibaya,” anasema, ee Mungu wangu, “wageni wengi ni wa kazini kwa mume wangu, wanajua mtoto ni wake, hatutaki maelezo katikati ya sherehe, nimeshaongea na mtoto, siku hiyo atakuita anko... siku hiyo tu,” siku hiyo tu, anavyosema utadhani anaazima ungo, anko, mimi niliyembeba na homa usiku kucha, mimi niliyemfundisha kuvunja yai, nisimame, niseme maharage yenu pikeni wenyewe, nimwage kila kitu hapa hapa kwenye vigae vyao, nina haki, tena nina mdomo, mdomo wangu haujawahi kunitupa, ila kinachotoka ni kitu kingine kabisa, “Alisemaje?” nauliza, “Nani?” “Mtoto. Ulipomwambia,” naye anaacha kuzungusha kikombe, “Alisema sawa... akauliza kama na wewe umeambiwa, asije akakuita hivyo ukalia mbele ya watu,” ah, ah mama yangu, kwa hiyo amekaa na jambo hili peke yake, kitoto kile, kofia ya kauboi haijafika bado na tayari ananilinda mimi, moyo wangu unaniuma, unaniuma kweli, wala sioni haya kusema, nilikuja kupigania nafasi yangu kumbe mzigo nimeshamtwisha yeye, sasa huyu ananiuliza vikombe viwe vya karatasi au vya bati, anasubiri, maji ya chai yanachemka, nami nikikataa kuja mtoto atajua ni kwa sababu yake, nikija na uso huu atajua vilevile, basi nitaitika, anko nitaitika, tena kwa sauti, nikicheka, “Vya bati,” nasema, “na mwambie nimeambiwa, mwambie anko hana neno.”