Ziwa Tutaliona Tukirudi

Resham Singh Dhanoa alikuwa na ugonjwa walio nao madereva wengi wa malori, ugonjwa wa kutosimama. Kila wiki aliburuta trela kutoka Surrey hadi Calgary huko Kanada na kurudi, akiivuka milima yote iliyopo katikati, na ukimuuliza habari za safari atakuambia wapi barabara inachimbwa, wapi mizani imefunguliwa, wapi kona inateleza theluji ikianguka. Milima yenyewe, ambayo watu wanapanda ndege kutoka upande wa pili wa dunia kuja kuishangaa, kwake ilikuwa kupanda na kushuka tu. Mlima mzuri ni ule uliokwisha kuupita.

Sasa mtu wa namna hii ndiye umpe mama yake mzazi amtembeze!

Mama huyo, Gurmej Kaur, alitoka Punjab mwezi wa sita, mara yake ya kwanza Kanada na, kwa kauli yake mwenyewe, ya mwisho. Magoti yalikuwa yamemchoka, viza ilimsumbua mpaka akakonda, na kwenye ndege alikaa macho njia nzima akidhani akilala itaanguka. Alikuja kwa sababu mjukuu wake, binti wa Kulbir dada yake Resham, alikuwa anaolewa kule Calgary. Walimpeleka kwenye maduka makubwa, akasema maduka hata Jalandhar yapo. Wakampeleka ufukweni, akasema maji ni maji. Alikuwa na haja moja tu katika Kanada nzima, na aliisema siku aliyofika, hata viatu hajavua.

"Mimi nionesheni ziwa la baba yenu."

Ziwa la baba yenu ni Ziwa la Zumaridi, mwendo mfupi ukishaupita mji wa Golden. Marehemu mzee Bachint Singh alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mbao hapo Golden, enzi za ujana wake, wakiishi wanaume watupu kwenye nyumba moja, wake zao wote wakiwa Punjab. Jumapili walijipakia kwenye gari la yeyote mwenye gari, wakaenda kupika dengu kando ya ziwa hilo. Alipokuja kurudi nyumbani moja kwa moja, mkono mmoja umeharibiwa na msumeno, alimsimulia mkewe kila kitu: theluji, dubu, msimamizi aliyekuwa akiwapigia kelele. Ila akifika kwenye maji ya lile ziwa, alikwama.

"Rangi yake siwezi kukwambia, Gurmej," alikuwa akisema. "Si kijani, si buluu. Mpaka uione mwenyewe. Nitakupeleka."

Akafa hajampeleka. Bibi Gurmej akabaki na rangi asiyoijua, anaitafuta kwenye mitandio ya dukani, hii siyo, hii pia siyo, mpaka wauza vitambaa wakawa wanamkimbia.

Haya. Siku ya safari wakatoka Surrey alfajiri, Resham kwenye usukani, Bibi kiti cha mbele, na nyuma Paramjot mkewe na Ekam binti yao, katikati ya masanduku ya zawadi. Maana kwa Wapunjabi harusi bila watu wa kwa mama wa bibi harusi haianzi, hilo halina mjadala. Mjomba lazima atokee mlangoni na masanduku yake, wanawake aliokuja nao wakiwaimbia watu wa upande wa baba matusi ya kuchekesha, ndipo shughuli ichangamke. Na mjomba mwenyewe alikuwa Resham peke yake, hana ndugu wa kiume wa kumsaidia. Mjomba akichelewa, watu watalisema mpaka watoto wa bibi harusi waje nao kuolewa.

Kwa hiyo Resham alikanyaga mafuta. Siku ilikuwa safi ajabu, mbingu imefuliwa, vilele vyote viko wazi na theluji yao juu.

"Baba, hapo mbele kuna mahali pa kuangalia maporomoko," alisema Ekam.

"Tutayaangalia dirishani."

"Dirishani gani? Nimepiga picha, imetoka nguzo!"

"Mwache baba yako," alisema Paramjot. "Siku ya harusi yetu huyu alifika kabla ya wapishi. Babu yangu alidhani kaja kufunga mahema."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Chapati za viazi na achari walikula gari likiwa linatembea, chai wakaimwagia mapajani. Mafuta walijaza Kamloops, na hapo tu ndipo walipoonja kusimama.

"Resham, mwanangu, tafuta mahali nichimbe dawa."

"Vumilia kidogo, Mama. Revelstoke hiyo hapo."

"Revelstoke hiyo hapo umeisema tangu asubuhi. Hata kukuzaa sikuvumilia hivi!"

Walipoikaribia Golden, Bibi alijiweka sawa kitini, akatengeneza mtandio kichwani vizuri, kama anayekwenda kuonana na wakwe. Aliuliza kiwanda kilikuwa wapi. Resham alionesha kwa kidevu bila kupunguza mwendo. Bibi aligeuza shingo yote kukitazama, na alipogeuka tena mbele akasema taratibu, "Basi sasa si mbali."

Haikuwa mbali kweli. Barabara iliingia baina ya milima, mto ukipiga kelele kando, na kibao cha kahawia chenye jina la ziwa kikatokea. Kwenye njia panda kulikuwa na foleni ya magari yakisubiri kuingia, magari ya watalii yenye mitumbwi juu na baiskeli nyuma. Resham aliiona foleni ile, na mguu wake wa kidereva haukuacha mafuta. Yeye foleni haiwezi. Anaweza kukaa na mgonjwa, anaweza kukaa na mlevi, foleni hawezi.

"Mama, tazama mambo yale," alisema. "Tukiingia pale tutakaa mpaka jioni kutafuta pa kuegesha. Kulbir atatuua. Tutaliona tukirudi. Tukirudi hatuna haraka, nitakukalisha pale kando ya maji mpaka uchoke mwenyewe."

"Resham," alisema Paramjot kutoka nyuma, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Dakika chache tu."

"Nimesema tukirudi."

Bibi alikuwa anakitazama kibao. Alikitazama kikija, alikitazama kikipita, akageuka mpaka kikapotea nyuma ya masanduku.

"Haya, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye unayeijua barabara."

Calgary walifika mapema kupita kiasi. Kulbir alifungua mlango na rangi ya nywele ikimtiririka shingoni, akapiga ukelele.

"Ninyi! Mbona saa hizi? Si nilisema jioni? Hata mahema hayajafungwa, na watu wa kwa mama hawaingii kimya kimya kama wezi! Nendeni huko, zungukeni, mje wakati wa kuja!"

Akafunga mlango. Basi wakaenda kukaa kwenye uwanja wa magari wa duka la mbao na misumari, jua likiwachoma, wakimalizia chapati zilizopoa. Resham aliwasha redio, akazima. Mwishowe Bibi alitazama huku na huku, akaona mikokoteni ya duka na pipa la taka.

"Kumbe hapa ndipo tulipokuwa tunapawahi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua kweli, na hilo ndilo lililomchoma Resham.

Harusi ilifana, hilo lisiwape shida. Bibi aliwaimbia watu wa upande wa baba tusi moja la zamani kuhusu mashavu yao mpaka bwana mmoja mzima akakimbilia jikoni, na bibi harusi alitoka kwao akilia inavyopasa. Lakini siku hizo hizo radi kavu zilikuwa zinapiga misituni upande wa magharibi, na upepo uko tayari. Asubuhi ya kurudi Resham alifungua mlango, na harufu ikamvaa puani.

"Moshi," alisema Kulbir nyuma yake. "Wanasema mabonde yote yamejaa. Kaeni siku mbili tatu, labda mvua itanyesha."

"Ndege ya Mama ni keshokutwa," alisema Resham. "Barabara iko wazi, nimeuliza. Na moshi unahama. Mpaka tufike pale utakuwa umeondoka."

Alijiaminisha hivyo njia nzima, na kila walipozidi kuingia milimani moshi ulizidi kuwa mzito. Mchana kweupe magari yaliwasha taa. Jua likawa jekundu, dogo, unaweza kulikodolea macho. Milima iliyokuwa imejipanga pande zote siku ile wanakwenda sasa hakuna hata mmoja, unajua ipo kwa sababu tu barabara inapinda. Bibi alikaa na mtandio puani. Resham alikuwa anasema peke yake, "Hapa bondeni ndipo unapojikusanya. Kule juu patakuwa na nafuu." Paramjot hakumjibu, na Resham angeomba amjibu, hata kwa kumtukana.

Kwenye kile kibao cha kahawia safari hii hakukuwa na foleni. Hata gari moja halikuwapo. Resham aliingia moja kwa moja, akaegesha pale pale mbele, mahali ambapo siku ya jua watu wangepigana kupapata. Alizima gari. Aliyaangalia mabati meupe ya uzio, na nyuma yake weupe mchafu, basi. Hapo ndipo alipojuta, na akatamani arudishwe siku ile kwenye foleni ile, akae humo mpaka usiku.

"Mama, si lazima ushuke. Moshi huu utakuumiza kifua."

"Nimekuja," alisema Bibi, na mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

Ekam alimshika mkono huu, fimbo ikashika upande wa pili, wakateremka polepole hadi ukingoni. Maji yalikuwapo miguuni pao. Yalikuwa ya kijivu, kama ya sufuria iliyolowekwa usiku kucha, na hatua chache mbele yalikwisha, yamemezwa. Mtumbwi mmoja uliofungwa ulionekana nusu. Majivu madogo madogo yalikuwa yanaanguka bila sauti. Bibi alisimama akitazama mbele, akikaza macho, akisubiri labda kitatokea kitu. Hakikutokea.

Ekam alitoa simu. "Bibi, tazama. Liko hivi, siku zingine. Ona."

Bibi aliisukuma simu ile kwa upole. "Picha mtu anaitia rangi anayoitaka, mjukuu wangu. Nyie si ndio mnanifanya mweupe kwenye hizo simu zenu?"

Kisha akaita, bila kugeuka.

"Resham."

"Naam, Mama."

"Sogea hapa. Basi wewe nisimulie. Baba yako maneno yalimshinda, lakini yeye alikuwa mtu wa msumeno. Wewe umesoma kidogo, na uko njia hii kila wiki. Rangi yake ikoje?"

Resham alifungua mdomo. Kuhusu njia hii angeweza kusema mpaka kesho: mteremko unaochoma breki, mahali pa kufunga minyororo ya matairi, askari anayependa kujificha nyuma ya mwamba. Miaka yote hii kibao kile kilikuwa kinampita upande wake wa kushoto akienda, wa kulia akirudi. Aliwaza kudanganya. Aseme kijani. Aseme buluu. Lakini mzee Bachint alishamwambia mkewe si kijani wala si buluu, na Bibi alikuwa amemgeukia sasa, anangoja kwa uso wa mtu aliyesubiri sana.

"Sijui, Mama."

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kuingia huku. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Lakini si unapita kila wiki?"

"Napita," alisema Resham.

Alingoja amfokee. Alitaka amfokee, amwite mjinga mbele ya mkewe na bintiye, amwambie umeniibia kitu changu. Aliinamisha kichwa kabisa, kilemba na vyote, ili maneno yakija yampate vizuri.

Bibi aliinua mkono akamfuta majivu kwenye ndevu, upande huu, kisha upande ule, kwa ncha ya mtandio, kama alivyokuwa akimfuta maziwa mdomoni zamani.

"Maskini mwanangu," alisema. "Nami siku zote nilidhani ni mimi tu sijaliona."

Walikaa pale mpaka Paramjot aliposema kifua cha Mama kimetosha. Kutoka hapo hadi Surrey Resham aliendesha polepole, akasimama kila palipo na kibao cha mahali pa kutazama, akazima gari, akakaa kidogo. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini, na hakukuwa na kitu cha kutazama.