Nafisa Hakuzima Tanuru

Mwaka huo mvua ilichelewa Lubudi. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umeshaingia, na mahindi yalinyauka kabla hayajafika magotini. Kila adhuhuri ilikuwa vile vile: mawingu meupe yalichipuka upande wa reli, yakavimba, yakapanda, na watu mashambani wakaegemea majembe kuyatazama. Kisha yakaanza kuchakaa pembeni, yakatoboka, yakaisha. Alasiri mbingu ilikuwa tupu.

Nafisa alikuwa mfyatuaji matofali. Babu yake alitoka Kasongo, na mume wake, Twahiru, aliendesha lori lililopeleka matofali Kolwezi, ambako watu wanajenga bila kupumzika. Wiki hiyo alikuwa amewasha tanuru lake kubwa. Tanuru likishawaka halizimwi. Ukilizima katikati, matofali yanapasuka na jasho la kiangazi kizima linakuwa vumbi.

Na kila mtu anajua kwamba mvua ni adui wa mwenye matofali mabichi. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mchana mmoja Tata Mbuyu, mkubwa wa chama cha wakulima, alifika na wanaume waliobeba ndoo za maji.

"Mama Nafisa, tunakuheshimu," alisema. "Lakini angalia. Mawingu inakuja paka hapa tu, juu ya moshi yako, inakufa. Batu banasema ni weye njo unafunga mvula."

"Na ile inakufa kule juu ya gare, kwa treni? Kule kuna tanuru ya nani?"

Nyuma ya wanaume wale alisimama Henri, mwalimu wa jiografia wa sekondari. Siku chache kabla alikuja kuagiza matofali ya darasa jipya, akaketi papo hapo na kumweleza Nafisa kwa nini mawingu yale hayafiki mbali. Sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tata Henri, baambie yale uliniambia."

"Mama, si sasa." Shamba la mke wake lilikuwa ndani ya chama cha Mbuyu.

"Kama si sasa, siku gani? Siku batanifukuza?"

Nafisa alimtazama kwa hasira, kisha akachukua tofali kavu lililochomwa zamani, akachota maji katika ndoo ya Mbuyu mwenyewe na kuyamimina juu ya tofali. Yalinyonywa yote. Akamimina tena, yakapotea tena.

"Fundi analowesha tofali mbele ya kujenga, ao hapana? Asipolowesha, inakunywa maji yote ya udongo wa kujengea. Hewa kule juu iko kavu kama hii tofali. Wingu inapanda, hewa ya pembeni inaingia ndani yake, inaikunywa. Haikufi sababu ya moshi. Inakufa sababu ya kiu."

Akaendelea kumimina mpaka maji yakabaki juu ya tofali, yanang'aa.

"Wingu ya jana haikupotea bure. Imelowesha njia ya wingu ya leo."

Hapo sauti ya Henri ikatoka, mwanzoni ndogo.

"Ni kweli. Lakini mawingu yetu peke yake hayatoshi. Tunangoja upepo wa kaskazini, ule unaobeba unyevu wa msitu mkubwa. Ukifika, mawingu haya yatapanda bila kuliwa. Moto wa Mama Nafisa haujui kitu juu ya upepo huo." Akainua uso. "Niliogopa kusema. Nimesema."

Watu walinong'ona. Mbuyu alikunja uso.

"Basi tunakupa mpaka siku ya mungu. Mvula ikinyesha, tunaamini. Isiponyesha, utazima, utahama."

"Nakataa."

"Unakataa nini? Tunakusaidia!"

"Nakataa hiyo hukumu. Ikinyesha, si mi nimeileta. Isiponyesha, si mi nimeifunga." Nafisa akaketi mbele ya mdomo wa tanuru, joto likimchoma mgongoni. "Kama munataka kumwaga maji, mumwage juu yangu kwanza."

Kijana mmoja aliinua ndoo. Henri akapita katikati ya watu, akaketi kando ya Nafisa na suruali yake safi, vumbini. Kijana alimtazama Mbuyu. Mbuyu alimwashiria ashushe ndoo, akasema, "Twendeni." Wakaondoka na maji yao.

Jumapili, siku aliyoitaja Mbuyu, ilipita bila tone. Hakuna aliyerudi na ndoo, lakini wengi waliacha kumsalimia. Nafisa aliendelea kutia kuni.

Siku kadhaa baadaye upepo uligeuka. Mawingu ya adhuhuri hayakuchakaa. Yaliungana, yakawa mlima mweusi, na mvua ikapiga Lubudi nzima huku tanuru bado linatoa moshi. Matofali mabichi ambayo turubai halikuyafikia yalirudi kuwa udongo. Nafisa alitukana, akacheka, akatukana tena.

Asubuhi Mbuyu alikuja, matope mpaka magotini, na kuku kwapani.

"Mama, tunakushukuru. Umefungua mvula."

"Rudi naye, Tata."

"Ni heshima!"

"Leo nikimukula huyu kuku, mwaka kesho mutanidai mvula. Mi nachoma matofali. Mbingu si yangu."

Mbuyu alimhamishia kuku kwapa la pili, asijue amfanye nini. Mwishowe akageuka, akashuka njia ya reli akiteleza. Nafisa alifunga kitenge kiunoni, akachukua koleo na kuanza kukusanya udongo ulioyeyuka, aufyatue upya.