Malaika wa Benitha

Tangu asubuhi Kokubanza hakutulia. Alichambua maharage, akayaacha nusu, akashika ufagio na kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Adhuhuri kengele ya kigango, kanisa dogo la kijijini, ililia kwa sala ya Malaika wa Bwana, akasimama kati ya migomba akasali, ila midomo tu ndiyo iliyosali. Moyo ulikuwa kwa binti yake, Benitha, ambaye mchana huo angeulizwa katekisimu ili apokee komunyo ya kwanza.

Maswali mtoto aliyajua. Tatizo lilikuwa sala moja. Kila jioni alipiga magoti akasema, "Malaika mlinzi wangu Elick, unilinde." Elick alikuwa kaka yake, aliyekufa kwa homa kabla Benitha hajazaliwa. Bibi yake, Salvina, ndiye aliyemfundisha hivyo. Kokubanza alinyamaza miaka yote, kwa kuwa ni katika sala hiyo tu jina la mwanawe lilitajwa nyumbani.

"Mama, leo asiseme Elick," alimwambia Salvina, mama mkwe wake. "Katekista Nolasco atamrudisha darasani. Si unamjua?"

"Basi mwambie wewe," Salvina akajibu, akimenya ndizi. "Ulimi si unao?"

Alikuwa nao. Lakini njia nzima hadi kigangoni haukunyanyuka.

Watoto walikaa mbele, wazazi nyuma. Zamu ya Benitha ikafika.

"Malaika mlinzi wako ni nani?" Nolasco akauliza.

"Elick. Kaka yangu."

Watoto wakaangua kicheko. "Kaka yako ana mabawa?" mmoja akadakia.

"Kimya wewe!" Nolasco akamgeukia Benitha. "Mtu akifa hageuki malaika. Malaika waliumbwa malaika. Nani kakufundisha hayo?"

Mtoto akatazama nyuma. Kokubanza alikwisha kusimama bila kujijua.

"Ni mimi, waitu katekista," akajibu kwa heshima. Haikuwa kweli yote, ila Salvina hakuwepo, na kunyamaza alikuwa amenyamaza yeye. Akaenda mbele, akachuchumaa. "Benitha, Elick alibatizwa. Yuko kwa Mungu, anatuombea. Lakini malaika wako ni mwingine, umepewa wewe peke yako. Jina lake hatulijui."

"Elick naye alikuwa na wake?"

"Alikuwa naye."

"Siku Elick alipokufa, huyo malaika alikuwa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nolasco akafungua katekisimu, akaifunga. Kokubanza alitamani atoke nje, arudi kwenye maharage, popote.

"Alikuwepo," akasema. "Mimi nilimshika huku, yeye akamshika huku. Mimi nikaachia. Yeye hakuachia, akaenda naye."

"Mbona hakumrudisha?"

"Sijui, mwanangu. Nimeuliza sana."

Nolasco akakohoa. "Haya, sali sala yako ya malaika."

"Malaika mlinzi wangu..." Benitha akasita pale jina lilipozoea kukaa, akaendelea mpaka mwisho.

"Jumapili aje na mshumaa wa komunyo," Nolasco akasema, macho chini.

Njiani Kokubanza alikaza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

"Mama, taratibu!"

Hakuweza. Alikuwa ameanza kusema: Elick alivyocheka akiogeshwa, Elick alivyokataa uji, Elick alivyolalia mkono wa kushoto. Moja lilivuta jingine, na Benitha alikimbia nyuma yake ili asipitwe na neno.