Kipofu wa Kwenye Fomu

Rehani Mhina alikuwa na duka Kilole, mjini Korogwe, na lori moja kuukuu lililobeba mahindi ya Handeni wakati wa mavuno na kubeba chochote kile miezi mingine. Nyumba yake ilikuwa ya bati, na watoto wake walivaa viatu hata siku zisizo za shule. Lakini mbele ya ofisi ya kodi, Rehani alikuwa fukara wa kupigiwa mfano.

Ufukara huo haukuwa wa kurithi. Ulitungwa kila mwaka na Habakuki, mtu wa Lutindi aliyewahi kuwa mwalimu na kuachishwa kazi kwa sababu ambazo kila mtu alizisimulia kivyake. Sasa alikaa barazani kwa fundi cherehani, akiwa na meza, kalamu mbili na Kiingereza. Fomu za kodi ya mapato zilikuwa za Kiingereza. Nchi ilikuwa huru mwaka wa kumi na moja, mikutano ilikuwa ya Kiswahili, hata matusi ya ofisini yalikuwa ya Kiswahili, lakini kodi bado ilidaiwa kwa lugha ya mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo wenye maduka walipanga foleni kwa Habakuki kama wagonjwa kwa mganga.

"Mwaka huu tufilisike kwa nini?" Habakuki aliuliza zamu ya Rehani ilipofika. "Mwaka juzi tuliungua. Mwaka jana mto ulifurika."

"Weka panya."

"Panya nimeshampa Mzee Yordani wa mbao."

"Panya wanakula mbao?"

"Kwenye fomu wanakula."

Wakapatana kwamba mwaka huo wa sabini na mbili ilikuwa ni chumvi. Magunia arobaini yalikuwa yameingia unyevu na kuyeyuka yote. Kisha wakaingia kwenye orodha ya wanaomtegemea. Rehani alikuwa na watoto wanne wa kweli na watatu waliotungwa na Habakuki. Baada ya watoto alifuata mtu aliyempunguzia kodi kuliko hao wote: dada mjane, kipofu, anaishi Kabuku.

"Anaendeleaje?" Habakuki aliuliza, kalamu ikiwa juu.

"Hajambo."

"Bado haoni?"

"Haoni hata kidogo," Rehani alisema, na wote wawili wakacheka mpaka fundi akasimamisha cherehani.

Katika maneno hayo, ujane na Kabuku vilikuwa kweli; upofu na kumtegemea kaka vilikuwa vya kutungwa. Zamda Mhina alikuwa na hoteli yake Kabuku, kando ya barabara ya Chalinze, mahali ambapo malori na mabasi yalisimama abiria wapate chai na wali. Akiwa jikoni nyuma, aliweza kujua kwamba chapati moja kati ya arobaini imeondoka kwenye kabati la mbele, na aliyeichukua amevaa nini.

Alichokuwa hakioni ni maandishi, na hilo lilikwisha mwaka uleule. Kila siku saa kumi, akishafunika masufuria, alikwenda kwenye darasa la watu wazima. Mwalimu wake alikuwa Elina, binti wa kutoka milimani ambaye umri wake ulikuwa nusu ya wanafunzi wake na ukali wake mara mbili. Zamda alikuwa na miaka arobaini na sita. Kitu cha kwanza alichokisoma peke yake, herufi kwa herufi, kilikuwa leseni yake ya biashara. Akagundua kwamba kwa miaka tisa alikuwa ameruhusiwa kuuza samaki wabichi.

Alikwenda kurekebisha leseni hiyo. Huenda huko ndiko jina lake lilikokutana na ofisi ya kodi, kwani mwezi uliofuata ililetwa bahasha. Juu yake palikuwa pameandikwa Zamda Mhina. Haikuwa ya kupitia kwa kaka, wala kwa balozi wa nyumba kumi. Ilikuwa yake. Akaipeleka kwa Elina.

"Wanataka nini?"

Elina aliisoma ile fomu yote. "Wanataka kujua mwaka mzima umepata nini, umetumia nini, na umebakiwa na nini."

"Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza hivyo," Zamda alisema.

Wenzake wote wa barabarani walimshauri aende Korogwe kwa Habakuki, akaunguliwe au afurikiwe kama watu wengine. Akakataa. Amejifunza kuandika mwaka mzima. Leo serikali imemuuliza, halafu akamlipe mtu amjibie uongo? Elina alimweleza kila nafasi inauliza nini, naye akajaza kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Ilimchukua siku tatu. Aliandika mchele, mkaa, sukari, mshahara wa msichana wa kuosha vyombo, sufuria lililotoboka. Nafasi zikamwishia, akaongeza karatasi.

"Hapa," Elina alisema, "wanauliza madeni yasiyolipika."

"Wanataka majina?"

"Hawajasema majina." Elina alitazama tena. "Lakini hawajakataza."

Basi Zamda akaandika majina. Ndugu Kaleb, katibu kata: sahani thelathini na moja za wali maharage, anasema anajenga taifa. Bwana shamba: chai na chapati tangu mvua za masika. Dereva wa mabomba ya maji: supu, kila Jumatatu. Na mwisho: bwana mmoja wa ofisi ya kodi, mwenye pengo na Landrova ya kijivu, wali kuku mara nne, jumla shilingi kumi, anasema atalipa akirudi, na amerudi mara tatu. Kisha akayanakili yote kwenye daftari lake la darasani, neno kwa neno, kwa sababu kazi aliyoitolea jasho hakutaka kuiachia posta peke yake.

Ofisini, mkubwa alitazama ile fomu na hakufurahi. Hakuwahi kuona mama wa hoteli aliyekiri kupata faida ya shilingi elfu tano mia nne. Katika uzoefu wake, anayekiri elfu tano ana elfu thelathini. Akamwagiza mchunguzi wake, Ponsiano, aende Kabuku akafukue. Mkubwa hakuisoma mpaka mwisho. Wakubwa husoma jumla. Aliyeisoma mpaka mwisho ni Ponsiano, akiwa ndani ya Landrova ya kijivu, na alipofika kwenye pengo akaufumba mdomo wake bila kujijua.

Hata hivyo Ponsiano alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa ameshapekua mafaili, na katika faili la Rehani alimkuta Zamda Mhina wa pili, wa Kabuku hiyohiyo, kipofu. Akapitia Korogwe kwanza. Aliingia dukani, akaegemea kaunta, akasema, "Kesho nakwenda Kabuku kumjulia hali dada yako asiyeona." Kisha akamtazama Rehani kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, akisubiri. Rehani, ambaye ubahili ulimtia uziwi katika mambo fulani, akamfungulia soda moja, ya moto.

Ponsiano alipoondoka ndipo akili ilipomrudia. Alfajiri Rehani alikuwa barabarani na lori tupu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Lori tupu asubuhi hii, kuna msiba?"

"Hakuna. Dada, nina ombi moja tu. Kuwa kipofu."

Zamda aliweka mwiko chini. "Lini?"

"Leo. Mpaka saa nane hivi."

Akamweleza, kwanza kwa kuzunguka, halafu moja kwa moja kwa sababu muda ulikuwa mdogo. Zamda alimsikiliza huku akigeuza chapati.

"Kwa hiyo nimekuwa kipofu tangu lini?"

"Tangu mwaka sitini na saba."

"Miaka mitano! Na nani ananilisha?"

"Mimi."

"Hii kanga umeninunulia wewe?"

"Kwenye fomu, dada."

Uongo wenyewe haukumuuma Zamda sana, wafanyabiashara aliwajua. Kilichomchoma ni kwamba mwaka jana paa la jikoni lilipovuja alikwenda Korogwe kuomba mkopo wa bati sita, na kaka huyuhuyu akamwambia hali ni mbaya. Kumbe bati zilikuwa zinapatikana kila mwaka kwa macho yake yeye, na hata nusu kilo ya sukari haikuwahi kumfikia.

Mlio wa Landrova ukasikika. Rehani akanyakua fimbo ya mchunga mbuzi aliyekuwa anakunywa chai, akaitia mkononi mwa dada yake, akamkalisha kwenye mkeka. "Nakuomba kwa jina la mama," alinong'ona.

Ponsiano aliingia akiinamisha kichwa. Wateja wanne waliacha kutafuna.

"Huyu ndiye dada yangu," Rehani alisema kwa sauti ya msibani. "Ndugu, haoni chochote."

Zamda alikaza macho ukutani. "Karibu mwanangu," alisema. "Sikuoni, naambiwa mimi ni kipofu. Ila pengo lako nalisikia likipiga upepo. Nakudai shilingi kumi."

Wateja wakaangua kicheko. Ponsiano alimshika Rehani mkono, wakatoka nje, wakasimama nyuma ya lori. Na huko, watu wawili waliokuja wakiogopana waligundua kwamba wanataka kitu kimoja. Kama mama huyu haoni, Rehani amepona. Na kama haoni, basi hakuandika ile fomu, na lile pengo si la mtu yeyote. Zamda aliwaona kutoka mkekani, kupitia mlango ulioachwa wazi: noti zilihama kutoka mfuko wa shati kwenda mfuko wa suruali, tena nyingi kuliko bei ya bati sita.

Ponsiano alirudi ndani akitabasamu kwa midomo tu.

"Hongera mama. Umefutiwa kodi."

"Na fomu yangu?"

"Imefutwa nayo. Serikali haiwezi kupokea maandishi ya kipofu."

Hakumlipa zile kumi. Alipokuwa anapanda gari, Zamda alikuwa bado ameketi na fimbo mkononi. Siku tatu alizoinama juu ya ile karatasi, na kidole kilichoota sugu kwa kushika kalamu, vyote vilikuwa vimefutwa kama kitu kilichomwagika mezani. Rehani alitaka kumshukuru. Alipomtazama usoni, akaghairi, akapanda lori lake.

Wiki mbili baadaye paliitishwa mkutano wa hadhara Kabuku. Mgeni alikuwa bwana mkubwa kutoka wilayani, na Ndugu Kaleb, katibu kata, alizungumza kwa saa nzima juu ya wajibu wa kulipa kodi. Yeye mwenyewe kodi yake ilikatwa kwenye mshahara kabla hajauona, kwa hiyo aliipenda kodi kwa moyo safi kabisa. Alisema asiyelipa anachopaswa kulipa ni kupe, ni mnyonyaji, ni adui wa Ujamaa. Watu wakapiga makofi. Akauliza kama kuna swali.

Zamda akasimama na daftari.

"Naitwa Zamda Mhina. Mimi ni kipofu wa serikali, imeandikwa. Naomba kusoma."

Kabla Kaleb hajajua la kufanya, alikuwa ameshaanza. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akikwama kwenye maneno marefu na kurudia. Elina alikuwa mstari wa mbele akitikisa kichwa kumpa moyo. Aliposoma sahani thelathini na moja, mkutano ukapiga mluzi.

"Ndugu mama, hilo si la mkutano," Kaleb alisema.

"Umesema mwenyewe ndugu, asiyelipa ni kupe. Nimebakiza mistari sita."

Akamaliza na pengo na Landrova ya kijivu. Kisha, bila daftari, akaeleza habari ya fimbo, na kilichotokea nyuma ya lori. Mgeni wa wilayani alimwinamia dereva wake, na waliokuwa karibu walimsikia akiuliza, "Ile chai ya asubuhi tumelipa?"

Mambo yalikwenda hivi. Kaleb alilipa nusu, akaahidi nusu, na tangu siku hiyo akala kwake. Bwana shamba alileta kuku wawili wembamba na mbegu za mahindi. Ponsiano hakufukuzwa, alihamishiwa mji mkubwa zaidi wenye hoteli nyingi, na wenzake wakamfanyia tafrija. Rehani alifunguliwa faili upya, na chumvi, moto na mafuriko vikatozwa kodi kwa pamoja na faini juu. Akauza lori. Habakuki alikosa wateja kwa mwezi mmoja, kisha akarudi na bango jipya: fomu ya uongo shilingi tano, fomu ya kweli shilingi nane, kwa sababu hii ya pili, alisema, hana uzoefu nayo.

Rehani alikuja Kabuku baada ya kuuza lori, kwa basi. Alikaa mezani. Zamda alimpakulia wali na maharage.

"Umenimaliza, dada."

"Kula kwanza."

Alikula yote. Alipomaliza akasimama kuondoka, na Zamda akamnyooshea mkono, kiganja kikitazama juu. Rehani alidhani ni wa kuagana, akaushika. Dada akaendelea kuunyoosha mpaka kaka alipoelewa na kuingiza mkono wake mwingine mfukoni.

Mwisho wa mwaka, fomu yake ikiwa imepokelewa tena, Zamda alikwenda mwenyewe kulipa. Karani alihesabu fedha, akaandika risiti, akaisukuma dirishani na kuita mtu anayefuata. Zamda hakusogea. Aliisoma ile risiti taratibu, foleni nyuma yake ikianza kunung'unika, kisha akairudisha dirishani.

"Umeandika Zainabu," alisema. "Andika upya."