Mmoja Lazima Awe Hafifu

Mkuu wa kitengo cha vyeti vya kuzaliwa alikuwa na makarani saba, na mfumo mpya wa kupima utendaji ulimtaka amtaje mmoja wao kuwa "hafifu". Wote saba walikuwa wachapakazi. Mara mbili aliwapa wote alama nne kati ya tano, mara mbili kompyuta ikamrudishia fomu: mgawanyo haujakamilika.

Siku ya mwisho ya kujaza, wizara ilimleta mtathmini. Huyu hakuja kupima watu, alikuja kuupima mfumo wenyewe. Mkuu, mama wa watu, akapata matumaini, akamwaga yote.

"Nina karani tunamwita Mzee Mihuri. Mkewe kalazwa, wiki ya tano sasa. Anatoka wodini, saa tatu yuko dirishani, na hajawahi kukosea jina la mtoto. Ila idadi ya vyeti vyake imeshuka, na mfumo unaona idadi tu."

Mtathmini aliweka kalamu chini. "Dada yangu, wakuu wa vitengo wote niliowahoji wamesema hivyo hivyo."

"Basi wausimamishe!"

"Ripoti yangu itasomwa mwakani."

"Na fomu inafungwa leo saa kumi na moja."

Mtathmini akakusanya karatasi zake, akaaga.

Mkuu akajaribu kuandika jina lake mwenyewe penye "hafifu". Kompyuta ikagoma. Basi akaondoa mikono kwenye kibodi na kuacha muda uishe. Angalau isiwe kwa mkono wangu, alijisemea.

Kesho yake matokeo yalibandikwa. Mfumo ulikuwa umejichagulia: Mzee Mihuri, hafifu, ahamishiwe kituo cha mpakani ndani ya siku kumi na nne.

Mkuu akamfuata dirishani. "Mzee wangu, sikuandika mimi."

"Najua, mwanangu." Mzee alimaliza kugonga cheti, akamkabidhi mwenyewe. "Huko mpakani, kuna hospitali ya kumpeleka mama yenu?"

Kulikuwa na zahanati tu. Mkuu alijua hilo.

Mchana huo aliiandikia wizara barua ya kurasa tatu, akiomba uhamisho ufutwe. Jibu lilikuja wiki ya tatu, mistari miwili: uamuzi ni wa mfumo, ofisi haina mamlaka ya kuutengua. Halikuwa na sahihi ya mtu. Alilisoma amesimama, akatazama dirisha la nne, lililokuwa la Mzee Mihuri, ambako karani mgeni alikuwa akimuuliza mama mmoja mwenye kichanga, kwa mara ya pili, jina la mtoto linaandikwaje.