Mbuzi Aliyemtazama Profesa

Profesa Ambroise alivuka mto hadi Lubunga akiwa tayari kuikataa kazi ya mwanafunzi wake Naomie ya kumaliza masomo, kuhusu wanyama wanaoomba watu msaada. "Mbwa, sawa. Lakini mbuzi kuomba mutu musaada? Mbuzi iko nyama tu, mama."

Naomie alifungia mfupa katika sufuria moja na maganda ya ndizi katika nyingine. Mbwa alikwaruza kifuniko, akashindwa, akamgeukia Naomie. Mbuzi alikipiga cha sufuria yake kwa pembe, akakipiga tena. Profesa akacheka. Ndipo mbuzi akatulia, akamkazia macho profesa, akatazama sufuria, akamtazama tena.

"Iko nataka nini kwangu?"

"Umufungulie, Profesa."

Akainama, akafungua.

"Bon, sawa," alisema huku mbuzi akitafuna, "andika kwamba aliniomba mimi."

Naomie akamkumbatia mbuzi shingoni.