Sahani ya Bi Mwanamkuu

"Tatu, mpelekee kaka yako kijiko hiki."

Tatu akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akavuka ua mbio hadi kwa Saidi aliyekaa kizingitini na kitabu chake cha darasa la tano. Saidi akakichukua kijiko bila kuinua macho. "Mwambie mama ahsante." Tatu akarudi na hiyo ahsante, anahema kwa furaha, akasimama mbele ya mama yake akingoja kutumwa tena.

Huo ndio ujanja alioubuni Siwema wiki ile. Choroko na mchele vilikwisha kuchambuliwa, vikachanganywa kwa siri na kuchambuliwa upya. Mtoto wa gunzi alikwisha kuogeshwa, kuolewa na kufiwa na mume. Michezo yote hiyo ilimchosha Tatu kabla jua halijapanda, lakini kutumwa hakukumchosha kamwe. Miaka yake minne, na raha yake duniani ilikuwa kupeleka kitu kwa mtu na kurudi na shukrani. Basi Siwema akamtuma kutwa nzima humo humo ndani ya ua, ili apate nafasi ya kuwafundisha wakubwa.

Shule zote za Tabora zilifungwa tangu kipindupindu kilipoingia mjini. Walimu wakae kwao, watoto wakae kwao. Gari la wagonjwa halikupumzika njia ya hospitali ya Kitete. Mtihani wa darasa la saba, hata hivyo, haukuahirishwa. Karatasi zilitoka Dar es Salaam, na huko tarehe ni tarehe. Watahiniwa wangefunguliwa madarasa asubuhi moja tu, wafanye, warudi majumbani. Atakayekosa basi amekosa, kwa sababu kurudia la saba kulikwisha kupigwa marufuku. Asubuhi yenyewe ilikuwa kesho, na Maua, binti yake mkubwa, bado alikuwa anagombana na hesabu za sehemu.

"Soma tena," Siwema alisema.

Maua alisoma. Kijiji cha ujamaa kina ekari mia mbili na arobaini. Theluthi mbili ni mahindi. Robo ya zilizobaki ni tumbaku. Zilizosalia ni karanga. Ekari ngapi ni za karanga?

"Ishirini."

"Umepataje?"

"Mahindi mia na sitini. Tumbaku sitini. Zinabaki ishirini."

Siwema aliona kuna kosa, lakini hakuona liko wapi. Yeye mwenyewe aliishia la sita, akaolewa. Usiku alikuwa akikisoma kitabu cha Maua kwa kibatari, ili asubuhi amtangulie mwanawe japo kwa ukurasa mmoja. Mumewe, Shomari, ndiye aliyekuwa mjuzi wa hesabu, ila alikuwa Goweko na genge lake la reli, na tangu karantini itangazwe hakuna aliyeruhusiwa kusafiri. Siwema alikuwa na hofu mbili. Hofu moja ilimwambia mtoto atafeli. Hofu ya pili ilimwambia geuza macho kidogo tu, Tatu atatoka nje, atakunywa maji ya mtu, na kesho utamzika.

"Hodi ya uani," ikaita sauti nyuma ya ua wa mabua.

Alikuwa Bi Mwanamkuu, jirani yao, kizee aliyeishi peke yake nyumba ya pili. Mkono wake ulipita juu ya mabua ukiwa na sahani ya bati, na juu ya sahani vitumbua vya moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sadaka ya mtahiniwa hiyo. Ale, aniombee na mimi. Sukari nilikuwa nimeificha tangu mfungo."

"Bibi, si wametangaza? Chakula kilichopikwa kisipite nyumba kwa nyumba."

"Wametangaza. Hawakutangaza kwamba nisimpe mtoto niliyemkanda siku aliyozaliwa. Pokea, mkono unaniuma."

Ungefanyaje? Siwema akapokea. Watoto wakala mpaka wakalamba vidole, na hata Maua akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Sahani ikabaki pale juu ya kinu, tupu, inamtazama Siwema.

Sasa wewe unaijua Tabora au huijui. Sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenzio kwamba ulichopokea kimekwisha na udugu umekwisha nacho. Hata mwaka wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa manjano wa msaada, watu walirudishiana sahani na chumvi kidogo ndani. Siwema akafungua chungu. Mlikuwa na matobolwa, vile viazi vikavu, aliyoyapika na karanga za Kwihara kwa chakula cha jioni. Akapakua, akafunika kwa kawa. Alikusudia kuipitisha mwenyewe juu ya ua baadaye, Maua akishamaliza hesabu.

"Mama, nitume," Tatu alisema.

"Ngoja."

"Mama, nitume."

"Robo ya zilizobaki," Siwema alikuwa anamwambia Maua. "Zilizobaki. Siyo robo ya shamba zima. Hebu rudia hapo." Kumbe kosa lilikuwa hapo. Alilishika sasa, liko mkononi, akaogopa lisije likamponyoka.

"Mama. Mama. Nitume."

"Haya! Mpelekee Bibi sahani yake. Mlango wa pili tu, usisimame njiani, usiguse kitu, rudi."

Akamfungulia komeo. Alijiambia kwamba Bwana Afya alikwisha kupita kukagua asubuhi, na kwamba toka mlango hadi mlango ni kufumba na kufumbua. Akarudi kwenye hesabu. Zilizobaki themanini, robo yake ishirini, karanga sitini. Maua akapiga kofi kwa kuelewa, na Siwema akapumua.

Mlango ukagongwa.

Kornel, Bwana Afya, alikuwa kijana wa suruali ya kaki na soksi ndefu, amemshika Tatu mkono. Nyuma yake Luhende, mgambo wa mtaa, alibeba sahani. Tatu alikuwa amekutana nao uchochoroni na kufanya kila alichofundishwa: akawaamkia shikamoo, akafunua kawa, akawakaribisha matobolwa ya Bibi.

"Mtoto huyu wako, mama?"

"Wangu, Bwana Afya."

"Tangazo hukulisikia?"

"Nimelisikia. Viazi hivi nimevichemsha mwenyewe, maji yakakauka kabisa."

"Mnanawa na sabuni?"

"Sabuni ya duka la ushirika iliisha kabla foleni haijanifikia. Walanguzi wanayo, mimi sina ya kununulia. Tunanawa na majivu."

"Majivu," Kornel akasema, akamgeukia Luhende kana kwamba shahidi amekiri. "Nyumba hii na ya yule bibi, karantini wiki moja. Hakuna kutoka, hakuna kuingia."

Siwema akamsogelea. "Binti yangu ana mtihani kesho. Nifunge mimi. Nipeleke hata kambi ya wagonjwa. Yeye mwache aende."

"Sheria haichagui, mama."

Neno hilo ndilo lililomtoa Siwema ustaarabu. "Haichagui? Juzi walipokuja wageni wa mkoa, pale tawini, ofisi ya chama, mlikula pilau kwenye masinia, mikono mitano sinia moja. Harufu tulishinda nayo mtaa mzima."

"Ule ulikuwa ugeni wa kiserikali."

"Kwa hiyo kipindupindu kinawaamkia shikamoo kinapita?"

Luhende akainamisha uso. Kornel akatoa kitambaa chekundu mfukoni, akakifunga kwenye pete ya mlango, akakaza fundo. Ndiyo mambo yao hayo, mkuki kwa nguruwe. Matobolwa yakamwagwa shimoni na kufunikwa kwa chokaa, na Luhende akaachwa alinde mlango.

Nyuma ya mabua Bi Mwanamkuu alikuwa analia. "Nimekuponza, mwanangu."

"Hukukosa, Bibi. Nyamaza."

"Mama," Tatu akamvuta kanga, "yule bwana nilimkaribisha, hakula."

Maua alikuwa amefunga kitabu. Hakumtazama mdogo wake. "Ulimtuma wewe, mama," alisema.

"Ndiyo. Nilimtuma mimi."

Hakuna aliyekula jioni ile. Siwema aliona aibu na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi, maana Bwana Afya alikuwa amekwenda zake na watoto ndio waliobaki. Akachukua sare ya Maua, akaipiga pasi.

Alfajiri akamwosha Maua mikono kwa majivu hadi viwiko, akamvalisha, akambeba Tatu mgongoni na kumwachia Saidi nyumba. Akafungua mlango. Luhende akainuka pale alipokuwa amekaa.

"Mama Maua, unanitia matatani."

"Najua, mwanangu. Tufuate nyuma. Ukiulizwa, sema umetukamata."

Luhende akakuna kichwa, akawafuata.

Langoni mwa shule palikuwa na ndoo ya maji ya dawa, na penye ndoo alisimama Kornel akiwanawisha watahiniwa. Alipomwona Maua akanyoosha mkono.

"Huyo asisogee! Ametoka nyumba ya karantini."

Alisema kwa sauti, wazazi wote wakasikia. Wakarudi nyuma. Mama mmoja, ambaye Siwema alisimama naye foleni ya unga tangu mwezi uliopita, akamvuta mwanawe kwa ukosi wa shati hadi ng'ambo ya njia. Hilo lilimchoma Siwema kuliko kitambaa chekundu.

Msimamizi wa mtihani alikuja, mwalimu aliyeletwa kutoka shule nyingine, funguo mkononi. Siwema akampigia magoti pale vumbini.

"Mwalimu, haumwi huyu. Hata tumbo halijamkata. Mpe karatasi yake afanyie nje, juani, mbali na wenzake."

"Karatasi haitoki darasani, mama."

"Basi aingie."

"Wa karantini haingii darasani."

"Sasa afanyie wapi?"

Mwalimu hakuwa na ubaya usoni. Aliangalia saa yake, akaangalia ofisi, kengele ikalia, akaenda.

"Luhende," Kornel akasema, "warudishe nyumbani hawa."

Luhende akawaongoza kuzunguka uzio wa minyaa. Njia ya kurudi ilipita nyuma ya madarasa, na madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Walipofika usawa wa darasa la mwisho wakaisikia sauti ya msimamizi, kila neno.

"Tunaanza na hesabu za kichwa. Nasoma kila swali mara mbili. Swali la kwanza. Gari linabeba magunia arobaini kwa safari moja. Magunia mia mbili na themanini yatahitaji safari ngapi?"

Maua akasimama. Akakaa chini, kwenye majani, akafungua daftari juu ya goti, na kabla swali halijarudiwa akaandika saba.

"Mama Maua," Luhende akanong'ona, "nimeambiwa niwarudishe."

"Turudishe. Akimaliza."

Luhende aliangalia njia, huku na huku. Akaegemeza rungu lake kwenye minyaa, akachuchumaa. Siwema alikuwa amemshusha Tatu, anamshikilia kwa nguvu, akiogopa asije akapiga kelele, maana sauti moja tu ya mtoto ingewaletea Kornel. Tatu alikuwa ameanza kununa. Luhende akavua kofia yake ya mgambo, akamvisha. Kofia ikamfunika mpaka kidevuni. Tatu akainua ukingo, akachungulia, akaishusha tena, akacheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. Akaendelea hivyo, anajificha na kujitokeza, na Luhende kila mara akijifanya ameshtuka.

Maswali yakaendelea. Siwema alijaribu kuyafuata kichwani. Mawili aliyapata, moja likampita. Maua hakuyaacha. Penseli yake haikusita, na lilipofika la sehemu, robo ya zilizobaki, alimtupia mama yake jicho mara moja, akaandika.

Halafu sauti ndani ikasema kalamu chini. Wakasikia madawati yakisukumwa, karatasi zikikusanywa mstari kwa mstari. Maua naye akaweka penseli chini. Akaandika juu ya ukurasa jina lake, jina la baba yake na la shule, akauchana taratibu usikatike, akaukunja mara mbili. Akainuka, akakung'uta sketi.

"Mama," akasema, ameunyoosha mkono wenye karatasi, "nampa nani?"